Kujitolea Ujerumani mwaka mmoja: kufundisha watoto na kulinda ndege wa pwani

Safari za kujitolea tumezizoea za upande mmoja: vijana wa Ulaya wanakuja kwetu, wanakaa miezi kadhaa shuleni au hifadhini, wanarudi kwao. Njia ya kutoka huku kwenda huko nayo ipo, tena ina sheria yake, mkataba wake na posho yake, na vijana wa Tanzania, Kenya na Uganda wanaipita. Bahati mbaya wengi huisikia kwanza kwa madalali, na dalali huanza kwa kuuliza una shilingi ngapi.

Mwongozo huu ni wa kijana anayetaka kufanya kazi mbili kwa pamoja, kufundisha watoto na kusaidia uhifadhi wa wanyamapori. Nimeuelekeza mahali pamoja ambako kazi hizo hazitengani: pwani ya Bahari ya Kaskazini nchini Ujerumani, kwenye Bahari ya Wadden. Ni eneo la matope na mchanga linalofunikwa maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa, kuanzia Uholanzi, kupitia Ujerumani, hadi Denmark. UNESCO iliitia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2009, na sehemu ya Denmark ikaongezwa 2014. Ndege wahamao kati ya milioni 10 na 12 hupita hapo kila mwaka, wakila minyoo, kome na uduvi ili wapate nguvu ya kuendelea na safari kati ya Aktiki na Afrika. Wanafunzi nao huletwa darasa zima zima kukanyaga matope hayo, na anayewapokea mara nyingi ni kijana wa kujitolea, darubini shingoni, uma wa kuchimbia mkononi.

Kijana aliyekulia Chwaka, Mida, Tanga au Kilwa ana kitu ambacho kijana wa Munich hana: anajua bamvua na maji mafu tangu utotoni. Hiyo ni sifa ya kazi, na nitaonyesha mahali pa kuitaja.

Hatua ya kwanza: zijue programu kwa majina yake

Ujerumani ina huduma za kujitolea zilizowekwa kisheria, na tatu ndizo zinazokuhusu. FSJ ni mwaka wa hiari wa kazi za jamii. Upo kisheria tangu 1964, na ndio unaopeleka vijana kwenye chekechea, shule za kutwa, na vituo vya wazee na watu wenye ulemavu. FÖJ ni mwaka wa hiari wa mazingira. Ulipata sheria yake 1993, na hupeleka vijana kwenye hifadhi, mashamba ya kilimo hai na vituo vya elimu ya mazingira. Hizo mbili ni za wasiofikisha miaka 27. BFD, huduma ya hiari ya shirikisho, ilianza Julai 2011, serikali iliposimamisha jeshi la lazima, nayo haina ukomo wa juu wa umri. Kwa hiyo aliyefika miaka 30 asikate tamaa, aulizie BFD.

Zote kwa kawaida ni miezi 12, kazi ya siku nzima. Unapata posho ya mwezi, bima ya afya, likizo ya kulipwa, na siku 25 za semina pamoja na vijana wenzako. Malazi na chakula hutegemea kituo: vingine vinakupa chumba, vingine vinakupa fedha ujitafutie. Posho ni ndogo. Inatosha kula na kusafiri kidogo, haitoshi kujenga nyumba kijijini, na nyumbani wanapaswa kulisikia hilo kabla hujaondoka, si baada.

Juu ya hizo kuna weltwärts, programu ya wizara ya ushirikiano wa maendeleo ya Ujerumani. Tangu 2013 inapokea pia vijana wa kutoka kwetu, wenye miaka 18 hadi 28, na huwaweka kazini chini ya mfumo wa BFD. Ubora wake ni kwamba nauli, visa, bima na mafunzo ya lugha hugharamiwa, na shirika la kwenu hukaa meza moja na shirika la kule kukuchagua. Ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza. Tafuta mashirika, dayosisi na shule za kwenu zenye udugu na Ujerumani. Würzburg na Mwanza ni miji dada tangu 1966, Hamburg na Dar es Salaam tangu 2010, Tübingen na Moshi tangu 2014, na dayosisi nyingi za KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, zina marafiki wa siku nyingi kaskazini mwa Ujerumani. Ofisi hizo za udugu ndizo zinazojua nani anapeleka vijana mwaka huu.

Jambo moja lazima lieleweke mapema: hutakuwa mwalimu. Walimu wa kule wamesoma chuo kikuu kisha wakapitia mafunzo marefu ya vitendo, na sheria inakataza mtu wa kujitolea kuziba nafasi ya mwajiriwa. Utakuwa msaidizi, hata kama una cheti cha ualimu na umewahi kushika darasa la watoto 80 peke yako. Wenye uzoefu huo ndio huumia zaidi wiki za mwanzo, wanapoambiwa wamshikie mtoto koti. Anayejua hivyo toka nyumbani hukaa miezi michache tu akaaminiwa kipindi chake mwenyewe.

Hatua ya pili: anza hapa hapa

Kabla ya kuandika barua yoyote, fanya kazi hiyo nyumbani. Kenya kuna Wildlife Clubs of Kenya, iliyoanza 1968. Tanzania kuna Malihai Clubs, tangu 1980. Zote huendesha klabu za wanyamapori mashuleni, yaani kufundisha na kuhifadhi kwa pamoja, na walimu walezi wa klabu hizo karibu wote wamezidiwa na kazi. Nenda shule iliyo karibu nawe, mwone mwalimu mkuu kwa adabu, omba kusaidia alasiri moja kwa wiki.

Kuna pia sensa ya ndege wa majini inayofanyika Januari katika nchi nyingi duniani, zetu zikiwemo. Omba kuungana na timu hata kama utapewa kushika daftari tu, maana anayeshika daftari husikia majina ya ndege siku nzima. Baada ya miezi michache utakuwa na barua ya mwalimu au ya kiongozi wa sensa, na zaidi ya hapo utakuwa umejijua. Wapo wanaopenda wanyama kwenye televisheni lakini hawawezi kusimama saa tatu juani wakihesabu. Bora ulijue hilo Mtwapa kuliko kulijulia kisiwani ugenini mwezi Novemba.

Hatua ya tatu: kagua kabla ya kukubali

Nafasi za FÖJ na BFD hutangazwa na mashirika simamizi, kwa Kijerumani Träger, na kila nafasi iko kwenye kituo cha kazi, Einsatzstelle. Haya majina mawili yakalie kichwani, maana mkataba wako utakuwa na sahihi zao zote mbili. Kwenye Bahari ya Wadden mashirika kama Schutzstation Wattenmeer, lililoundwa 1962, na Verein Jordsand, lililoanza 1907 kwa ajili ya ndege wa baharini, yana vituo visiwani na pwani vinavyotegemea sana vijana wa kujitolea.

Ukipata mtu anayekuambia ana nafasi, mwombe jina la Träger, jina la kituo na namba ya simu ya ofisi, kisha piga mwenyewe. Uliza nani analipa bima. Uliza utalala wapi, na nani atakuwa msimamizi wako wa kila siku. Uliza kijana aliyekutangulia anaitwa nani na kama unaweza kuzungumza naye. Kituo kizuri hukuunganisha naye siku hiyohiyo. Kisha ongea na huyo mtangulizi kwa Kiswahili kama ni wa kwetu, umuache aseme asichoweza kukiandika.

Kuhusu fedha, msimamo wangu ni mmoja: usimlipe mtu yeyote ili upewe nafasi ya kujitolea. FSJ, FÖJ na BFD hazitozi ada ya nafasi. Utalipia pasipoti yako, mtihani wako wa lugha, tafsiri za vyeti na pengine nauli kama hukuingia kwa njia ya weltwärts. Anayetaka milioni kadhaa za "usajili" anakuuzia fomu inayopatikana bure. Familia zimeuza ng'ombe na viwanja kwa ajili ya fomu hizo, na ndiyo sababu ninalirudia jambo hili kila mahali ninapozungumza na vijana.

Ukaguzi huo utakufaa hata ukiamua kwenda nchi nyingine. Kusini mwa Afrika, kwa mfano, kumekuwa na mashamba yanayowatoza wageni ili wawalee na kuwabeba watoto wa simba. Simba aliyezoea mikono ya watu hawezi kurudishwa porini, na wengi waliishia kuuzwa kwa wawindaji. Mwaka 2021 jopo lililoundwa na serikali ya Afrika Kusini lilipendekeza ufugaji huo wa simba ukomeshwe. Palipo na mnyama wa kukumbatia na ada ya kulipa, uhifadhi umeshaondoka. Vituo vya yatima vinavyowabadilisha wageni kila wiki mbili navyo viepuke, kwani mtoto aliyeachwa mara moja anaachwa tena na tena.

Hatua ya nne: lugha

Hapa ndipo safari nyingi hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mjerumani wa ofisini atakuelewa kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka minane hatakuelewa, wala mzee wa kisiwani anayekuonya kwamba ukungu unakuja. Viwango vya lugha hupanda kutoka A1, ya wanaoanza, kwenda A2, kisha B1. Vituo vingine hukubali A1 au A2 kwenye makaratasi, lakini nakushauri usiondoke bila A2 iliyokomaa, na kama utasimama mbele ya watoto, ifukuzie B1. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, ipo Nairobi na ipo Dar es Salaam. Unaweza kusoma hapo, au ukasoma kwa mwalimu wa mtaani na kwenye simu kisha ukafanyia mtihani hapo.

Soma lugha ya kazi tangu mwanzo. Vitabu vya kozi hukufundisha kuagiza kahawa na kununua tiketi. Wewe andika daftari lako pembeni: simama, ngoja, njoo polepole, usiguse, shikaneni mikono, nani ana baridi, buti limenasa. Kisha majina ya ndege ishirini wa pwani ile, ukianza na Austernfischer, yule mweusi na mweupe mwenye mdomo mwekundu, maana utamwona kila siku na atakupigia kelele kila siku. Jizoeze kuyasema kwa sauti ya kuita watu walio mbali, kwa sababu upepo wa pale hula maneno.

Hatua ya tano: barua na mahojiano

Nafasi nyingi huanza Agosti au Septemba, na zile za FÖJ hujazwa miezi ya mwanzo ya mwaka huohuo au kabla. Ukihesabu na lugha na visa, anza maandalizi mwaka mmoja na nusu kabla.

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja. "Napenda sana watoto na mazingira" imeandikwa na kila mwombaji, msomaji haioni tena. Andika ulichofanya: mlikuwa wapi, watoto wangapi, mliona nini, ulishindwa wapi ukarekebisha vipi. Hapa ndipo pa kutaja bahari yako. Mtu anayeandika kwamba babu yake ni mvuvi, kwamba anaweza kukadiria saa ya maji kupwa kwa kuangalia mwezi, na kwamba aliwahi kuwapeleka wanafunzi wa darasa la nne kwenye mikoko kuona kaa, huyo mkuu wa kituo atamsoma mara mbili.

Mahojiano hufanyika kwa video. Watakuuliza utafanya nini mtoto akikataa kusikiliza, utafanya nini ukiwa mpweke, na kwa nini Ujerumani. Jibu kwa ukweli na kwa sentensi fupi. Swali usilolielewa, omba lirudiwe. Kuitikia "ndiyo" kwa heshima kama tulivyolelewa kunaweza kukugharimu, wenzetu hulichukua kuwa umekubali kweli.

Hatua ya sita: makaratasi

Pasipoti iwe ya kwanza, maana bila hiyo hakuna kinachosogea. Tanzania ada yake ni shilingi 150,000. Cheti cha kuzaliwa (RITA kwa Tanzania Bara) kiwe na majina yanayofanana herufi kwa herufi na ya pasipoti na ya vyeti vya shule. Kama shuleni uliandikwa Mohamed na kwenye pasipoti Muhammad, rekebisha sasa. Omba cheti cha tabia njema cha polisi. Ukifika kule watakutaka pia upate hati ya Kijerumani ya aina hiyo, ile ya kina kwa wanaofanya kazi na watoto.

Chanjo ya surua huwashtua wengi. Tangu Machi 2020 sheria ya Ujerumani inamtaka kila anayefanya kazi shuleni au chekechea, aliyezaliwa baada ya 1970, athibitishe kinga ya surua, yaani dozi mbili kwa maandishi. Kenya na Tanzania dozi ya pili iliingia kwenye ratiba ya kawaida ya watoto miaka ya 2010, kwa hiyo kijana wa leo huenda alipata moja tu, na kadi yake ya kliniki ilishaliwa na mchwa. Nenda hospitali mapema, uchanjwe upya kwa kupishanisha angalau wiki nne, na upewe cheti chenye muhuri. Kipimo cha damu kinachoonyesha una kinga nacho hukubalika.

Visa ni ya kitaifa, ya muda mrefu, inayoombwa ubalozini Dar es Salaam au Nairobi, na ada yake ya kawaida ni yuro 75. Mkataba wenye sahihi zote, uthibitisho wa malazi na bima, cheti cha lugha na barua yako ya nia ndivyo uti wa mgongo wa ombi. Weka miadi ubalozini mara tu mkataba unapofika. Ukiulizwa utafanya nini baada ya mwaka, sema unachokikusudia kweli. Wapo wanaoendelea na mafunzo ya ufundi ya kule baada ya kujitolea, na ni njia halali yenye maombi yake. Si siri ya kuficha wala ahadi ya kubuni.

Hatua ya saba: kufika

Usinunue koti zito nyumbani. Nunua sweta mbili za sufu Gikomba au Kariakoo, mtumba mzuri wa baridi upo tele na bei yake ni ndogo, kisha koti la kuzuia mvua na upepo utalinunua kule baada ya kuona wenzako wanavaa nini. Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia lazima ujiandikishe kwenye ofisi ya wakazi, na bila karatasi hiyo ni vigumu kupata akaunti ya benki au kibali cha ukaazi. Msimamizi wako atakusindikiza. Kama hajasema, mwombe.

Kama umepangiwa kwenye Hallig, moja ya visiwa vile vidogo vya nyasi visivyo na kingo refu za kuzuia bahari, uliza ratiba ya boti kabla ya kukata tiketi ya treni. Nyumba huko zimejengwa juu ya vilima vya kutengenezwa kwa mikono, na dhoruba kubwa ikija bahari hufunika kisiwa chote, vilima tu ndivyo vinavyobaki juu. Wenyeji hufunga milango, huchemsha chai, hungoja maji yashuke.

Kazi yenyewe

Kuhesabu ndege hufanyika wakati wa bamvua, karibu kila baada ya wiki mbili, kwa sababu maji makubwa huwasukuma ndege wote kutoka matopeni hadi kwenye vipande vichache vya nchi kavu. Unasimama nyuma ya ukingo, darubini kubwa kwenye miguu mitatu, kihesabio mkononi. Mbele yako kuna kundi la vitwitwi wa kijivu, maelfu, wamebanana. Huwezi kuhesabu mmojammoja. Hesabu kumi, litazame umbo la kumi, kisha lipachike kando ya kundi mara kumi upate mia, na mia hiyo uitembeze hadi mwisho. Fanya hivyo kutoka kushoto, kisha rudia kutoka kulia, ulinganishe. Kozi, yule ndege mwindaji, akitokea, kundi zima litaruka na kugeuka hewani kama shuka linalokung'utwa, na utaanza upya. Namba huandikwa papo hapo, zikaingizwa kwenye kompyuta jioni ileile, kabla kumbukumbu haijafifia. Usiongeze wala kupunguza ili ifanane na ya mwenzako. Takwimu hizo ndizo zinazotumika kuamua ni wapi boti zipite na wapi watu wasikanyage.

Kufundisha matopeni kuna taratibu zake, na hutapewa kundi peke yako mpaka umezijua. Jedwali la maji kujaa na kupwa kwanza, hali ya hewa pili, idadi ya watoto tatu. Mnatoka maji yakiwa bado yanapwa na kugeuza kabla hayajaanza kurudi. Mikondo ya matopeni hujaa kwanza nyuma yenu, huku mbele bado pakavu, na ndivyo watu walivyozamishwa miaka yote. Ukungu ukionekana, mnarudi, hata kama mwalimu wao anasema bado mapema.

Kuna somo ambalo halijawahi kushindwa. Tafuta kirundo cha mchanga uliojikunja kama tambi, kinyesi cha mnyoo wa matopeni. Waulize watoto kabla ya kuwaambia: nani ametengeneza hiki? Waache wakisie. Kisha chimba pembeni kwa uma, kina cha shubiri moja au zaidi, mpaka mnyoo aonekane, mnene, mweusi, na mashavu ya kupumulia mekundu mgongoni. Anakaa ndani ya shimo lililopinda, anameza mchanga upande mmoja na kuusukuma nje upande mwingine akiwa ameshakula kilichomo. Mweke kwenye sahani yenye maji ya bahari, sahani izunguke, kila mtoto amtazame. Mwishoni mrudisheni juu ya tope na kunyamaza wote: ataanza kuchimba kwa kichwa na kupotea mbele ya macho yao. Mtoto buti lake likinasa, na litanasa, usimvute mikono. Inama, shika kisigino cha buti, ingiza hewa kwa kukitikisa, kisha nyanyua polepole.

Siku za mvua utakuwa darasani, na hapo chukua habari ya korongo wa Klütz. Mwaka 1822 aliuawa kaskazini mwa Ujerumani korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni mwake. Alikuwa ameruka nao toka huku kwetu. Enzi hizo wataalamu walikuwa bado wanabishana ndege huenda wapi wakati wa baridi. Yupo mpaka leo, amekaushwa, chuo kikuu cha Rostock. Makorongo wa mashariki mwa Ujerumani hupita Bosporus, Sinai na bonde la Nile kuja Afrika Mashariki na kusini, kwa hiyo unaweza kuwaambia watoto kwamba ndege waliyemwona juu ya paa la kwao, tuseme kijiji cha Bergenhusen, anaweza kuonekana mbugani kwenu Januari. Baada ya hapo maswali ya kama mna simba uani yanapata njia nzuri ya kujibiwa.

Aprili hadi Julai ndege hutaga chini, kwenye nyasi na changarawe, na kazi yako kubwa itakuwa watu: kuwaomba wapite njia iliyowekwa na wafunge mbwa wao kamba. Juni na Julai watoto wa sili hulala mchangani na wageni hukimbilia kuwashika. Zuia watu, simama mbali, piga simu kwa mtu aliyepewa mamlaka ya sili eneo hilo. Usimguse wala kumrudisha majini, kwani mara nyingi mama yake yuko karibu akingoja muondoke.

Kuishi

Desemba pale mchana mzima haufikishi urefu wa saa nane, na Juni jua huzama karibu saa nne usiku. Kwa Mwislamu hilo linabadilisha mengi: isha ya Juni ni usiku wa manane, na adhuhuri na alasiri za Desemba zinakaribiana hadi unaweza kuzikosa ukiwa kazini. Mweleze msimamizi mapema unahitaji dakika chache, wengi hukubali bila neno. Nyumba za vijana wa kujitolea hupika kwa zamu. Sema siku ya kwanza usichokula, usingoje sufuria ya soseji iwe mezani.

Upweke utakuja, hasa Novemba hadi Februari. Toka nje kila siku kungali na mwanga, hata nusu saa. Semina zile usizikose, ndipo wengi hupata marafiki wa kudumu. Na ukikutana na ubaguzi, kwenye basi, dukani au kazini, usiumeze kimya ukidhani ni adabu. Andika tarehe na maneno yaliyosemwa, mpelekee mtu wa Träger aliyepangiwa kukusikiliza. Ni wajibu wake, na kubadilishiwa kituo kunawezekana.

Kurudi

Kisheria una haki ya cheti cha kazi mwishoni. Miezi miwili kabla, kaa na msimamizi na umwombe kiandikwe kwa undani: umeongoza matembezi mangapi, umeshiriki sensa ngapi, aina ngapi za ndege unazitambua, mafunzo gani ya huduma ya kwanza umepata. Cheti kinachosema tu "alikuwa mchangamfu" hakitakusaidia mbele ya mwajiri wa Arusha wala Malindi. Nakili pia fomu tupu za sensa na maandalio yako ya masomo.

Ukirudi Septemba, ndege wa pwani wanaohama nao wanaanza kuwasili Mida na kwenye delta ya Rufiji, eneo ambalo pamoja na Mafia na Kilwa liliingia mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhioevu, mwaka 2004. Watu wenye uwezo wa kuhesabu makundi makubwa kwa darubini bado wanatafutwa. Nature Kenya, A Rocha Kenya kule Watamu, na ofisi za hifadhi za bahari upande wa Tanzania ni pa kuanzia. Waandikie kabla ya Desemba, ili uingie kwenye timu ya Januari, na kwenye barua taja ndege unaowatambua bila kitabu na shule mbili tatu za jirani ambazo ungependa kwenda nazo.